Sarafu Mbili za Wabeba Mawe

Mikumi,
12 Januari 2025

Mjomba wangu Theodory,

Shikamoo. Najua marahaba yako itakuja wiki ijayo mkononi mwa konda Gabrieli, nami nitaipokea basi likisimama. Huku tu wazima. Mvua imegoma tangu Krismasi, na mahindi machache ya jirani yaliyothubutu kuota yameliwa na tembo. Mwanangu Doto amepangiwa kidato cha kwanza, basi anazunguka hapa uani na sare mpya kama mkaguzi wa elimu. Kule kambini kwa watalii bado nipo mapokezi, nacheka na wageni hata siku ambazo meno yananiuma.

Wenzangu kazini wananishangaa, eti karne hii naandika barua. Nawaambia mjomba wangu alifanya kazi stesheni ya Kilosa miaka thelathini na moja, honi za treni zimemla masikio, na ukimpigia simu atakuuliza "nani?" mpaka salio liishe. Isitoshe, tangu uliponiandikia ile rambirambi baba yangu alipofariki, miaka mitatu sasa, nimeuzoea mwandiko wako.

Ndani ya bahasha kuna sarafu ya albamu yako. Ni ya ukumbusho wa Krismasi, ina malaika mwenye tarumbeta. Ameniachia mgeni mmoja kutoka Ulaya. Ilikuwa nyeusi tii, nikaisugua kwa majivu na ndimu mpaka malaika akang'aa. Nasubiri pongezi.

Sasa la maana. Hapa dukani wametundika kalenda ya parokia yenu, na mwezi wa tatu uko wewe na suti yako, umefungua albamu. Nimeitazama kwa makini. Ukurasa ule una sarafu mbili zinazofanana, zote zina picha ya kanisa. Wiki iliyopita alilala hapa Kalasinga mmoja wa Arusha, naye anakusanya sarafu za dini kama wewe. Anayo ya ukumbusho wa kuzaliwa kwa mwalimu wao wa kwanza, na yuko tayari kubadilishana kwa yoyote ya kwetu ambayo hajawahi kuiona. Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba ya kwanza ni ya albamu na ya pili ni ya kubadilishana. Nitumie moja, mjomba.

Mpwa wako,
Upendo Abubakari


Kilosa,
26 Januari 2025

Mpwa wangu Upendo,

Marahaba, mwanangu. Barua yako imenikuta nimetoka misani. Mgongo unanikumbusha umri wangu kila ninapoinama kufunga viatu, lakini kula nakula. Treni ya umeme inapita hapa kimya kimya bila hata kupiga kelele ya heshima. Mpe Doto hongera zangu, na umwambie hisabati haikimbiwi.

Pongezi hutazipata. Sarafu haisuguliwi! Majivu na ndimu ni vya sufuria. Weusi ule ndio umri wake, na wewe umemnyoa malaika mpaka manyoya ya mabawa yamekwisha. Nimemweka hivyo hivyo kwa sababu umemleta wewe, lakini usirudie.

Kuhusu zile mbili, ziache. Kwa faida yako nitakueleza zilikotoka. Mwaka 1959, kanisa letu lilipojengwa, watoto wa shule ya misheni tulibeba mawe ya msingi kutoka mtoni, kila mtoto jiwe lake kichwani, asubuhi na jioni, muhula mzima. Mwaka 2009 kanisa lilipotimiza miaka hamsini, parokia ikatengeneza sarafu ya ukumbusho kwa kila mbeba mawe. Zilitengenezwa arobaini na nane basi, na hazitatengenezwa tena. Mbele ni kanisa, nyuma fundi alichonga kwa mkono jina la mwenye nayo. Mimi nilikuwa katibu wa kamati. Mwambie Kalasinga nitampa ya jubilei ya mwaka 2000, ninazo tatu.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Mjomba wako,
Theodory


Mikumi,
16 Februari 2025

Mjomba,

Shikamoo. Mvua imekuja hatimaye, na imekuja kwa hasira, imeondoka na choo cha jirani. Doto ameanza shule na hisabati anaikimbia. Nimekoma kusugua, naapa. Kalasinga amekubali ile ya mwaka 2000, na yake hii hapa, na uchafu wake wote.

Umesema niwasalimie wote hapo nyumbani. Nimehesabu hao wote. Tuko mimi, Doto, paka, na mama yangu, yaani dada yako Odilia. Paka amefurahi sana.

Nilikuwa nasoma barua yako kwa sauti hapa barazani, na mama alikuwa anachambua mchicha. Nilipofika kwenye mawe ya mtoni akasimamisha mikono. Akavua kandambili akanionyesha kidole gumba cha mguu wa kushoto, kile kisicho na ukucha. Miaka yote hii nilidhani ni jembe. Akasema, "Jiwe la msingi lile, upande wa sakristia. Nilikuwa na miaka saba. Theodory ndiye aliyenibeba mgongoni mpaka nyumbani, na jiwe langu akarudi kulichukua yeye." Hajawahi kuniambia kwamba alibeba mawe.

Kisha akaniambia nikuulize jambo moja, na akarudi kwenye mchicha wake. Ile sarafu ya pili, nyuma yake pameandikwa jina la nani?

Upendo


Kilosa,
2 Machi 2025

Mpwa wangu,

Marahaba. Huku mto umejaa na watu wa bondeni wamehamisha mbuzi. Nilikuwa na homa siku nne, nimepona. Sarafu ya Kalasinga ni nzuri mno, nimeipa ukurasa wake peke yake, karibu na ile medali ambayo rafiki yangu mmoja aliniletea kutoka Makka. Watu wananiuliza mkusanyaji wa Kikristo anazitakia nini. Nawaambia kila dini ikifurahi inatengeneza kitu kidogo cha kushika mkononi, nami nakusanya furaha za watu.

Kuhusu swali lako, plastiki za albamu zimegandana kwa unyevu na macho yangu ni ya kizee. Nikipata nafasi nitaangalia.

Kuku wangu mmoja ametotoa kumi na mmoja.

Theodory


Mikumi,
20 Aprili 2025

Mjomba,

Shikamoo. Naiandika kwa sababu mama amesema shikamoo haikatwi hata mtu akikosea. Heri ya Pasaka. Hongera kwa vifaranga.

Nimekaa kimya wiki saba kwa sababu nilikuwa nasubiri hasira ipungue, na haijapungua. Siku ya Idi mama alipika pilau kama anavyopika kila mwaka. Unajua, au pengine hujui, kwamba yeye na baba walifunga ndoa bomani na kila mmoja akabaki na dini yake. Alimpikia daku miaka arobaini na moja, na baba akamsindikiza mpaka mlango wa kanisa kila Jumapili. Tulipomaliza kula akanisimulia habari ya Bi Magreti wa parokia yenu.

Mwaka huo huo wa 2009 Bi Magreti alitoka huko Kilosa, akapanda lori la mkaa, akafika hapa kwetu na kilo tano za mchele na kanga ya msiba kiunoni. Alianza kulia tangu njiani. Akapiga kona ya nyumba akamkuta marehemu amekaa kwenye kigoda anakaanga maandazi. Mama anasema Magreti aliketi chini palepale, akamshika mikono, akamnusa, akasema, "Odilia, mbona tumekuombea?" Jina la mama lilisomwa kwenye misa ya jubilei, katikati ya wabeba mawe waliofariki. Parokia nzima ilisema amina.

Mama alimpa chai na maandazi. Akamwomba asimgombeze mtu yeyote kwa hilo. Ule mchele waliupika wakaula.

Mjomba, ile orodha aliiandika nani?

Upendo


Kilosa,
25 Mei 2025

Mpwa wangu Upendo,

Marahaba. Afya yangu haina shida, usiniulizie. Mahindi tumevuna kiasi.

Orodha niliiandika mimi. Niliiandika mezani kwangu, kwa kalamu ya bluu, nikiwa na akili zangu zote. Ilikuwa na sehemu mbili, walio hai na marehemu. Walio hai walikuwa waitwe mbele, kila mmoja na mwenzi wake, wapokee sarafu kwa padri. Nikamwona Odilia akipita katikati ya kanisa na Abubakari pembeni yake amevaa kofia yake, na watu wakigeuza shingo, na mimi katibu nimesimama pale na tai. Kalamu ikaenda sehemu ya pili. Nilijiambia namheshimu baba yetu, mzee Alfred, ambaye siku Odilia alipokwenda bomani alisema hana tena binti. Lakini baba alisema kwa hasira, na alikufa akimuulizia. Mimi ndiye niliyeyaweka maneno yake kwenye karatasi.

Kuna lingine, na hili sijalisema hata kwenye kitubio. Sarafu za marehemu zilipewa ndugu wa karibu. Nilikuwa nalijua hilo wakati naandika. Watu wote waliondoka na moja, mimi nikaondoka na mbili, na nilipofika nyumbani nilizipanga sambamba nikafurahi, Upendo. Nilifurahi kama mtoto. Ndipo nikaigeuza ya pili, nikaona fundi ametia msalaba mdogo mbele ya jina, kama alivyoagizwa kwa marehemu wote. Tangu siku hiyo sijaigeuza tena. Wameitazama mapadri, wanakwaya, na mpiga picha wa kalenda. Wote wameona kanisa tu.

Baba yako alipofariki nilikuandikia wewe kwa sababu sikujua mtu anamwandikiaje aliyemzika mwenyewe.

Sarafu iko humu ndani, nimeifunga kwa pamba. Ni yake. Mpe.

Theodory


Mikumi,
8 Juni 2025

Mjomba Theodory,

Shikamoo, na safari hii hakuna aliyenilazimisha. Doto ana malaria lakini anaendelea vizuri. Baridi imeanza.

Nina jambo la kukiri na mimi. Mama ana mtoto wa jicho, kusoma hawezi tena. Barua zako zote ninamsomea, tangu ile ya rambirambi. Kila uliposema "wote hapo nyumbani" alikuwepo anasikiliza. Nisamehe kwa kutokukuambia.

Hiyo ya mwisho nilimsomea mara moja tu. Aliponyoosha mkono nikampa sarafu. Aliipapasa mbele, akapata paa, akapata mnara, akatabasamu. Akaigeuza. Kidole gumba kikapita juu ya herufi za jina lake moja moja, kikarudi mwanzo, kikasimama. Akaniuliza, "Huu ndio msalaba wenyewe?" Nikamwambia ndio. Akaomba chai, akainywa mpaka mwisho, kisha akanirudishia sarafu.

Maneno yake nayaandika kama alivyoyasema. "Mrudishie. Mwambie hakunizika ndani ya bahasha. Alinizika mbele ya parokia nzima, basi anifufue palepale. Aseme tu mimi ni mzima na aliyeandika ni yeye. Sababu abaki nazo."

Kwa hiyo sarafu inarudi kwako na pamba yake.

Mjomba, tulikwenda Morogoro wiki iliyopita kuhusu pumzi yake. Daktari amesema moyo umechoka. Mama amenikataza kukuambia, kwa hiyo mimi sijakuambia. Lakini usikae sana.

Upendo


Kilosa,
12 Agosti 2025

Mpwa wangu Upendo,

Marahaba. Natumaini Doto amepona na nyumba ina amani. Mimi nimepungua uzito kidogo, suti inacheza.

Umeniambia nisikae sana na nimekaa miezi miwili. Sina cha kujitetea. Padri Wenceslaus aliniruhusu tangu mwanzoni mwa Julai, niseme baada ya matangazo. Jumapili ya kwanza nilikohoa, kikohozi cha kujitakia. Ya pili tulikuwa na wageni kutoka jimboni, nikasema si adabu kufua nguo mbele ya wageni. Ya tatu nilisimama, nikashika kipaza sauti, watu wote wakanitazama, nikawaomba tuombee afya za wazee, nikakaa. Padri akanitazama mpaka mwisho wa wimbo.

Juzi Jumapili nilisimama tena. Nikasema, "Odilia binti Alfred, mbeba mawe, yu hai, anakaa Mikumi. Mwaka 2009 jina lake lilisomwa na marehemu. Aliyeliandika ni mimi kaka yake, na sikukosea, nilikusudia."

Nilitegemea wanizomee. Badala yake, kutoka upande wa akina mama Bi Magreti akasimama na fimbo yake. Nikamsikia vizuri sana, mimi kiziwi. Akasema, "Katibu, sisi tunajua. Alinipa chai na maandazi." Mzee Bonifas naye akasema kwa kutulia kwamba huwa ananunua nyanya kwake sokoni Mikumi kila akipita kwenda Ruaha. Wengine wakaitikia kwa vichwa. Hakuna hata mmoja aliyeshangaa. Kumbe miaka kumi na sita walikuwa wananisubiri mimi. Wameniona kila Jumapili nikipita na kapu la sadaka, wamenipa mkono wa amani, na wakanyamaza kwa kunistahi. Upendo, kuzomewa kungekuwa afadhali.

Padri akasoma upya majina ya wabeba mawe walio hai. Tulikuwa kumi na mmoja, sasa tuko kumi na wawili. Nimeomba kujiuzulu kwenye baraza la wazee wakakataa, wamesema nikae hapohapo nionekane.

Limebaki moja. Yupo sonara hapa mjini anayeweza kuusaga ule msalaba, paonekane jina peke yake. Sarafu itaharibika, hakuna mkusanyaji atakayeitamani tena, na mimi niliyekugombeza kwa ajili ya majivu leo ninaomba tupa ya sonara ipite. Muulize dada yangu. Akikubali nitampelekea sonara kesho yake.

Msalimie dada yangu Odilia.

Theodory


Mikumi,
24 Agosti 2025

Kaka Theodory,

Shikamoo. Anaandika Upendo, ninasema mimi, na nimemwonya asipambe.

Mimi nipo. Naamka, naoga mwenyewe, nakwenda mpaka kwenye kibanda cha nyanya na kurudi, nikifika kona napumzika. Doto ni mzima, anakula kama watu watatu. Habari ya kanisani niliipata kabla ya barua yako. Magreti alinipigia simu hata hujavua suti, nikamwambia arudie mara tatu. Nilicheka kwa kile kikohozi chako. Halafu nililia, na sikufichi, nililia kuliko nilivyocheka.

Usije ukadhani Jumapili moja imemaliza kila kitu. Siku tulipomzika mama yetu nilisimama nje ya uzio na Upendo mgongoni, ukaniona, ukageuza uso. Hilo nalitaka tulizungumze tumekaa chini, wewe na mimi, na nitapiga kelele kwa sababu husikii, na majirani wakisikia na wasikie. Nina hasira nawe bado. Na nimekukumbuka, kaka, kila siku ya Mungu nikivaa kiatu cha mguu wa kushoto.

Sonara mwache aendelee na pete zake. Msalaba usiusage. Nina miaka sabini na tatu, na yule daktari wa Morogoro alipomaliza kusikiliza moyo wangu alianza kuniita bibi kwa sauti ya upole sana, nikaelewa. Ulichoandika kitakuwa kweli, na wala si mbali. Niletee hivyo hivyo, niizoee.

Jumamosi kuna basi la saa tatu asubuhi. Panda hilo, ufike ningali sijawa marehemu.

Dada yako,
Odilia